Mwongozo kamili wa kutafuta taarifa za kitaaluma kupitia mitandao ya kijamii kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu

Mwanafunzi wa uzamili anayeanza mapitio ya machapisho tangulizi siku hizi hukutana na taarifa za kitaaluma kwenye simu yake kabla ya kufika maktaba. Kiungo cha makala hutumwa katika kundi la WhatsApp la darasa, video ya mhadhara hujitokeza YouTube, msimamizi humtajia akaunti ya mtafiti fulani LinkedIn, na ResearchGate humwandikia barua pepe kumwarifu kwamba kuna chapisho jipya linalohusu mada yake. Njia hizi zina manufaa makubwa, hasa kwa wanafunzi wa vyuo visivyo na fedha za kulipia majarida mengi. Hata hivyo, wengi huzitumia bila utaratibu, na matokeo yake huonekana katika tasnifu: takwimu zisizo na chanzo, marejeleo ambayo mtahini akiyatafuta hayaoni, na sura ya pili iliyojengwa juu ya kile walichotumiana wanafunzi wenyewe.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba mtandao wa kijamii humwonyesha mtafiti mahali pa kwenda na mtu wa kumuuliza, lakini haunukuliwi kama chanzo cha matokeo ya utafiti mpaka chapisho lenyewe limefikiwa, limesomwa na limehakikiwa. Ili maelezo yasibaki ya jumla, nitamfuata mwanafunzi mmoja wa kufikirika wa sayansi ya chakula, anayetafiti sumukuvu katika mahindi yanayohifadhiwa na kaya za wakulima. Mada hiyo inatugusa sana Afrika Mashariki, na ina machapisho ya kutosha kuonyesha kila hatua.

Hatua ya kwanza: andika swali kabla ya kufungua simu

Andika swali lako la utafiti kwa sentensi moja au mbili, kisha chini yake orodhesha maneno utakayoyatafuta. Mtafiti wa sumukuvu ataandika neno hilo lenyewe, ataandika pia “aflatoxin” kwa kuwa makala nyingi za kisayansi zimechapishwa kwa Kiingereza, ataongeza Aspergillus flavus ambalo ni jina la kuvu anayeitengeneza sumu hiyo kwa wingi, mazao yanayoathirika kama mahindi na karanga, na maeneo ambako tatizo limewahi kuripotiwa, kama vile Dodoma na Manyara nchini Tanzania, na Makueni na Kitui nchini Kenya. Mwisho aandike kipindi anachokihitaji, kwa mfano tafiti za kuanzia mwaka 2010.

Orodha hii ni kinga. Mitandao ya kijamii imeundwa ili mtumiaji abaki ndani kwa muda mrefu, na algoridhimu zake hupandisha juu kile kinachoshabikiwa na wengi, hata kama ushahidi wake ni dhaifu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2018, uliochunguza habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017, ulionyesha kwamba habari za uongo zilisambaa haraka zaidi na kufika mbali zaidi kuliko za kweli. Mwanafunzi anayeingia bila swali hupokea anachopewa, na baada ya saa mbili huwa amesoma mengi yasiyohusiana na tasnifu yake.

Hatua ya pili: jua kila mtandao unafaa kwa kazi gani

ResearchGate na Academia.edu, zote zilizoanzishwa mwaka 2008, ni mitandao iliyotengenezwa kwa ajili ya wanataaluma, na ndiyo pa kuanzia kwa mtu anayetafuta machapisho. Faida yake kubwa ni ukurasa wa mtafiti binafsi. Ukimpata mtu mmoja aliyeandika vizuri kuhusu sumukuvu, ukurasa wake utakuonyesha makala zake nyingine, watu alioandika nao, na mara nyingi ripoti na mada za makongamano ambazo hazionekani kwa urahisi kwingine. Kati ya hizo mbili mimi huipendelea ResearchGate kwa masomo ya sayansi, ilhali kwa fasihi, historia na isimu ni vyema kupita Academia.edu pia. Alama na tuzo ambazo mitandao hii huwapa watumiaji wake usizichukulie kama kipimo cha ubora wa utafiti.

LinkedIn inafaa zaidi kutafuta watu na miradi kuliko makala. Maofisa wa taasisi za utafiti, viongozi wa miradi na wataalamu wa wizara huweka huko taarifa za ripoti zilizotoka, warsha zinazokuja na nafasi za ufadhili. Kwa utafiti unaogusa sera, kama huu wa usalama wa chakula, taarifa hizo zina thamani kubwa kwa sababu ripoti za serikali na za mashirika mara nyingi haziingii katika hifadhidata za majarida.

Twitter, ambayo tangu Julai 2023 huitwa X, kwa miaka mingi ilikuwa uwanja mkuu wa wanataaluma kujadili makala mpya. Baada ya kubadilisha umiliki mwezi Oktoba 2022, baadhi yao walihamia Mastodon, na wengine Bluesky, ambayo ilifunguliwa kwa kila mtu mwezi Februari 2024. Aidha, mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini Tanzania, na mtafiti aliyekuwa ameweka huko orodha zake zote za watu na viungo hakuweza tena kuzifikia kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo usiache mtandao wowote ule uwe ghala lako. Kinachokufaa kitoe humo siku hiyohiyo na ukihifadhi mahali pako, kwa utaratibu nitakaoueleza mbele.

YouTube hutumika vizuri katika kujifunza mbinu: namna ya kuendesha uchanganuzi wa takwimu kwa programu ya R au SPSS, namna ya kuchukua sampuli za nafaka ghalani, au kusikiliza mtafiti akifafanua makala yake katika kongamano. Video ina sauti na picha ambazo makala haina, lakini ni mara chache ikawa chanzo cha kunukuu. Ili kuokoa bando, itazame kwa kiwango cha chini cha ubora wa picha, au usubiri uwe kwenye Wi-Fi ya chuo.

WhatsApp na Telegram ndiyo mitandao inayotumika zaidi na wanafunzi wetu, na ndiyo yenye thamani na hatari kwa pamoja. Thamani yake ni watu waliomo: wenzako wa darasa, waliokutangulia mwaka mmoja, mkutubi wa chuo, pengine hata wasimamizi. Hatari yake ni kwamba faili hufika humo likiwa limekwishapoteza jina, tarehe na kiungo chake cha asili, na ujumbe uliosambazwa mara nyingi hauna mwenyewe. Ni vigumu pia kutafuta jambo lililosemwa miezi sita iliyopita, na simu ikiharibika huenda likapotea kabisa.

Hatua ya tatu: tengeneza wasifu unaotambulika

Tumia jina lako kamili, lilelile utakalolitumia katika machapisho, pamoja na jina la chuo, ngazi ya masomo na sentensi moja kuhusu mada yako. Jisajili ORCID, mfumo uliozinduliwa mwaka 2012 unaompa kila mtafiti namba ya kudumu yenye tarakimu 16 bila malipo, kisha weka namba hiyo katika wasifu wako wote. Watafiti wengi hupokea maombi ya watu wasiowajua kila siku, na hujibu kwa wepesi zaidi pale wanapoona mwanafunzi wa kweli mwenye utafiti wa kweli.

Hatua ya nne: fuata watu na taasisi kwanza

Kutafuta kwa neno pekee huleta taka nyingi. Njia inayozaa matunda ni kuanza na makala mbili au tatu nzuri ulizozipata katika Google Scholar au maktaba, kuandika majina ya waandishi wake wote, na kuwatafuta mmoja mmoja. Usimwangalie mwandishi wa kwanza peke yake, kwa sababu katika masomo mengi ya sayansi mwandishi wa mwisho ndiye kiongozi wa maabara, na ndiye anayejua tafiti nyingine zinazoendelea.

Kwa mwanafunzi wetu wa sumukuvu, orodha ya awali itakuwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, na wa vyuo vya Kenya, pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za tropiki, ambayo imeshughulika kwa miaka mingi na udhibiti wa kuvu hao mashambani. Ataongeza majarida anayoyasoma na mashirika kama FAO. Baada ya hapo atazame watu hao wanamfuata nani na wanajadiliana na nani, kwa kuwa hapo ndipo hujitokeza majina ambayo hifadhidata isingemwonyesha: mtafiti kijana aliyemaliza uzamivu mwaka jana, au ofisa wa wilaya aliyeshiriki kukusanya sampuli.

Bluesky na X zina nafasi ya kutengeneza orodha, na orodha hiyo huonyesha machapisho ya watu uliowachagua peke yao, kwa mpangilio wa wakati. Itumie hiyo badala ya ukurasa wa mbele. Ukitaka kuona tu machapisho yenye viungo katika X, ongeza filter:links baada ya neno unalolitafuta, na ukitaka ya mtu mmoja, andika from: ikifuatiwa na jina la akaunti yake.

Hatua ya tano: uliza swali linalojibika

Katika makundi mengi ya wanafunzi hukosi kuona ujumbe wa namna hii: “Naombeni machapisho kuhusu sumukuvu.” Ujumbe huo hujibiwa kwa kimya, au kwa mafuriko ya mafaili ambayo hakuna anayejua yametoka wapi. Linganisha na huu:

“Habari za jioni wanakundi. Natafuta tafiti zilizopima sumukuvu katika mahindi yaliyohifadhiwa na kaya za wakulima, Tanzania au Kenya, kuanzia mwaka 2010. Za mlipuko wa Kenya wa mwaka 2004 ninazo tayari. Mwenye kufahamu tasnifu au ripoti ambayo haijachapishwa katika jarida, naomba jina la mwandishi au kiungo. Natanguliza shukrani.”

Ujumbe wa pili unataja mada, mahali, kipindi, kilichokwisha kupatikana na aina ya kinachohitajika. Unaomba jina na kiungo pia, badala ya faili tupu. Mtu anayejua jibu hulitoa kwa dakika moja, na asiyejua hakupotezei muda.

Kumwandikia mtafiti usiyemfahamu kunahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa adabu huenda pamoja na ufupi. Soma makala yake kwanza, kisha uulize jambo ambalo makala haikulijibu:

“Shikamoo Profesa. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa sayansi ya chakula, mwaka wa pili. Nimesoma makala yako kuhusu kukausha mahindi kabla ya kuyahifadhi, na katika jedwali la matokeo nimeona wastani wa unyevu kwa kila kijiji. Naomba kufahamu iwapo vipimo vya kila kaya vimechapishwa mahali pengine, kwa kuwa utafiti wangu unalinganisha kaya na kaya. Ahsante sana kwa muda wako.”

Kwa mtafiti asiyezoea salamu hiyo, cheo chake na jina lake la ukoo vinatosha. Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa upole, kisha umwache. Ukipata jibu, rudi useme ahsante na umweleze lilivyokusaidia. Wengi husahau jambo hili, ilhali ndilo linalofungua mazungumzo ya baadaye.

Hatua ya sita: fuatilia taarifa hadi ilikozaliwa

Hii ndiyo hatua inayotenganisha mtafiti na msambazaji wa ujumbe, na inastahili muda mwingi kuliko nyingine zote.

Tuseme umekuta katika kundi picha ya skrini isemayo kwamba sumukuvu iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004. Idadi hiyo ni ya kweli, lakini bado huwezi kuiandika katika tasnifu, kwa sababu picha ya skrini haikuambii nani alihesabu, wapi, na hadi lini. Chukua idadi yenyewe, neno la msingi, nchi na mwaka, uviweke pamoja katika Google Scholar. Utapata makala nyingi zinazoitaja, na nyingi zitakuwa zinainukuu kutoka kwa makala nyingine. Fungua mojawapo, tazama rejeleo lililowekwa baada ya idadi hiyo, lifuate, kisha ufanye hivyo tena mpaka ufike kwenye ripoti ambayo haimnukuu mtu mwingine.

Katika mfano huu utaishia kwenye ripoti ya mwaka 2004 iliyotolewa katika MMWR, jarida la kila wiki la kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kuhusu mlipuko uliotokea katika mikoa ya Mashariki na Kati ya Kenya. Hapo utaona kwamba wagonjwa 317 na vifo 125 ni hesabu iliyofanywa hadi Julai 20, 2004. Tarehe hiyo picha ya skrini haikuwa nayo. Sasa unaweza kuandika kwa usahihi kwamba hadi siku hiyo walikuwa wameripotiwa wagonjwa 317, ambao 125 kati yao walifariki, na kuweka rejeleo la ripoti uliyoisoma mwenyewe.

Kisa cha pili kina mtego wa aina nyingine. Tuseme mtu ameandika kwamba asilimia 55 ya mahindi ya Kenya yana sumukuvu kupita kiwango. Ukifuatilia kwa njia ileile, utafika kwenye makala iliyochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Environmental Health Perspectives, ambalo husomwa bila malipo. Makala hiyo inaeleza kwamba zilichukuliwa sampuli 350 za bidhaa za mahindi, na asilimia 55 kati yake zilikuwa na zaidi ya mikrogramu 20 za sumukuvu kwa kilo, kiwango cha juu kilichoruhusiwa Kenya wakati huo. Lakini sampuli zilitoka katika masoko ya wilaya zilizokumbwa na mlipuko, na zilichukuliwa wakati wa mlipuko wenyewe. Asilimia hiyo haiwezi kusimama kama hali ya mahindi ya nchi nzima, wala ya mwaka huu. Kiwango chenyewe pia kimebadilika, kwa kuwa viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu jumla ya mikrogramu 10 tu kwa kilo ya mahindi. Aliyeandika huenda hakukusudia kupotosha mtu, ila alifupisha, na katika kufupisha akaacha mahali na wakati.

Kwa hiyo, kila unapofika kwenye chanzo, tafuta mambo manne katika sehemu ya mbinu: nani walipimwa au nini kilipimwa, wapi, lini, na kwa kipimo gani. Ikiwa ujumbe wa mtandaoni unadai zaidi ya hayo manne, shika kilichomo katika makala na uachane na ujumbe.

Hatua ya saba: hakiki chapisho lenyewe

Kufika kwenye makala hakumalizi kazi. Jambo la kwanza ni kujua iwapo makala imepitiwa na wataalamu wengine kabla ya kutolewa, au ni toleo la awali lililowekwa wazi na waandishi wenyewe. Hifadhi za matoleo ya awali, kama arXiv ya mwaka 1991, bioRxiv ya mwaka 2013, AfricArXiv ya mwaka 2018 na medRxiv ya mwaka 2019, zina manufaa kwa sababu hutoa matokeo mapema na bila malipo, lakini msomaji ndiye anayebeba jukumu la kupima.

Mwishoni mwa Januari 2020 liliwekwa bioRxiv toleo la awali lililodai kwamba virusi vipya vya korona vilikuwa na vipande vinavyofanana kwa namna ya ajabu na vya VVU. Dai hilo lilienea Twitter kwa saa chache. Hukohuko Twitter, na katika sehemu ya maoni ya bioRxiv, wanasayansi walionyesha kwamba vipande hivyo ni vifupi mno na hupatikana katika viumbe wengi, na waandishi waliiondoa kazi yao baada ya siku chache. Unapokuta toleo la awali, basi, soma maoni yaliyo chini yake na utafute makala hiyo katika PubPeer, jukwaa lililoanza mwaka 2012 ambako watafiti hujadili kasoro za makala. Kisha tazama kama kuna toleo lililochapishwa katika jarida, kwa kuwa hilo ndilo la kunukuu.

Makala iliyopitiwa nayo inaweza kufutwa. Mei 22, 2020 jarida la The Lancet lilichapisha makala kuhusu dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa Uviko-19, na Juni 4 makala hiyo ikafutwa baada ya waandishi kushindwa kuthibitisha data zilizotumika. Nakala zake za PDF zilizokwisha kupakuliwa hazijifuti zenyewe katika simu za watu. Kabla ya kunukuu, fungua ukurasa wa makala katika tovuti ya jarida kwa kutumia namba ya DOI, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha makala: andika doi.org, mkwaju, kisha namba hiyo inayoanza na 10. Hifadhidata ya Retraction Watch, ambayo tangu mwaka 2023 imewekwa huria na Crossref, shirika linalosajili namba za DOI, nayo huorodhesha makala zilizofutwa.

Kuhusu majarida ya kitapeli nitasema kwa ufupi. Matangazo ya “chapisha makala yako ndani ya siku tano” hujaa katika makundi ya wanafunzi. Likague jarida katika DOAJ, orodha ya majarida huria, au AJOL, orodha ya majarida ya Afrika, pitia maswali ya tovuti ya Think. Check. Submit., na umwulize mkutubi. Makala kutoka jarida la namna hiyo huenda ikawa na jambo la kweli ndani yake, lakini hakuna aliyeipima, na mtahini ana haki ya kukuuliza kwa nini umeitegemea.

Hakiki pia orodha za marejeleo zinazosambazwa. Tangu programu za akili unde zienee, orodha zenye majina ya kweli ya watafiti na vichwa vya makala ambazo hazikuwahi kuandikwa zimekuwa nyingi. Rejeleo lisilofunguka kwa DOI, lisiloonekana Google Scholar wala katika tovuti ya jarida lililotajwa, lifute.

Hatua ya nane: pata nakala kamili kwa njia halali

Ukiikuta makala imefungwa kwa malipo, jaribu kwa mpangilio huu. Tazama kwanza kiungo cha matoleo mengine chini ya makala katika Google Scholar. Ukitumia kompyuta, weka Unpaywall katika kivinjari chako, nayo itakuonyesha nakala huria ikiwepo. Pita AJOL, ambayo tangu mwaka 1998 imekusanya majarida ya Afrika, pamoja na hifadhi dijitali za vyuo vikuu, ambako tasnifu za waliokutangulia hulala zikisubiri kusomwa. Kisha mwendee mkutubi umwombe njia ya kuingia Research4Life. Mpango huo wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji huvipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa gharama nafuu, na ndani yake kuna Hinari kwa masuala ya afya na AGORA kwa kilimo. Nimeona wanafunzi wakihangaika kuomba makala moja katika makundi matatu, ilhali chuo chao kina haki ya kuifungua.

Zote zikishindikana, mwombe mwandishi kupitia ResearchGate au barua pepe yake. Akikutumia mswada uliokubaliwa na jarida, kumbuka kwamba kurasa zake hazilingani na za toleo lililochapishwa, hivyo usinukuu namba za kurasa kutoka humo.

Hatua ya tisa: hifadhi na unukuu ipasavyo

Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeleo iliyoanza mwaka 2006, inatosha kwa mahitaji ya tasnifu. Bandika namba ya DOI ndani yake, nayo itajaza jina la mwandishi, mwaka, jarida na kurasa. Hukuonya pia makala uliyoihifadhi inapofutwa. Katika sehemu ya maelezo andika umeipata kupitia nani, mtandao gani na tarehe gani. Taarifa hiyo itakusaidia kueleza utaratibu wako wa utafutaji katika sura ya mbinu, na kumshukuru aliyekuelekeza.

Chapisho la mtandaoni hunukuliwa lenyewe pale tu linapokuwa ndilo jambo unalolizungumzia, kwa mfano tamko la wizara lililotolewa kupitia akaunti yake rasmi. Hapo weka jina la akaunti, tarehe na kiungo, na uhifadhi nakala katika Wayback Machine, kwa sababu machapisho hufutwa.

Ujumbe wa watu katika kundi ni jambo lingine kabisa. Ukianza kuukusanya na kuuchambua kama data, umetoka katika kutafuta taarifa na kuingia katika kutafiti watu, na hapo unahitaji ridhaa yao, idhini ya kamati ya maadili na kibali cha utafiti kwa utaratibu wa chuo chako, au leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ukiwa Kenya. Majina na namba za simu zinalindwa na sheria, ya mwaka 2019 nchini Kenya na ya mwaka 2022 nchini Tanzania.

Muda na mahali pa kusimama

Tenga vipindi viwili au vitatu kwa wiki vya kupitia orodha zako, kila kimoja kisizidi saa moja, na kimalizike kwa kuhamishia Zotero kila kilichokufaa. Katikati ya vipindi hivyo zima arifa. Itafika wiki ambayo makala zote zinazotumwa na kupendekezwa tayari umezisoma, na majina yanayotajwa ni yaleyale uliyonayo. Hapo simamisha utafutaji wa jumla, bakiza arifa za Google Scholar kwa maneno yako mawili makuu pamoja na akaunti za watafiti watatu au wanne walio karibu zaidi na swali lako, na uanze kuandika sura ya pili.